Digrii Mbili

Kipande nilichokata juu ya Hestefonn
kilibanwa maabara, Trondheim, mpaka mashine ikalia.
Megapaskali mia na themanini. Jiwe la kiume.
Mwanafunzi aliyeshika daftari akacheka:
mlima huu hauendi popote.
Nikamwambia, mlima si jiwe.
Mlima ni jiwe pamoja na nyufa zake,
na nyufa ndizo zenye kauli.

Nimezihesabu. Viangazi viwili,
kamba kiunoni, dira mkononi.
Koo tatu: moja imelala na mteremko kama vigae vya paa,
moja imesimama wima, inakunywa theluji inapoyeyuka,
ya tatu inakata inapotaka, haina adabu.
Elfu nne, mia sita na kumi na mbili.
Kingo zake nimezipapasa kwa kidole gumba,
nikaandika: zinakwaruza;
nikaandika: laini, zina udongo;
nikaandika: sijui, na wino ukaganda.

Wasemao ziba ufa usije ukajenga ukuta
hawajaona ukuta ambao wote ni ufa.

Sasa ni usiku, na mlima umo ndani ya kompyuta,
umekatwakatwa pembetatu laki mbili.
Kila moja inamsukuma jirani, inasukumwa,
inapinda unywele mmoja, inampa mwenzake zamu.
Naupunguza msuguano taratibu,
kama muuguzi anayebandua bandeji.
Digrii thelathini na moja: mlima umekaa.
Thelathini: unakohoa,
rangi ya manjano inatambaa kisogoni.
Ishirini na tisa:
milinganyo haitulii tena,
kila duru kosa linanenepa badala ya kukonda,
na nusu nzima ya mashariki inashika njia
kimyakimya, bila vumbi, bila ndege kuruka.

Digrii mbili.
Kidole changu gumba hakiwezi kuzitenganisha digrii mbili.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Mwamba huu nao unavutia kwake,
na kwake ni chini, penye banda jekundu la Sjur Tveiterås,
binamu yangu, aliyenishika mkanda
siku niliyojifunza kuteleza kwenye barafu.

Nilimpelekea karatasi. Jiko lake lilinuka kahawa
na manyoya mabichi ya kondoo.
Nikamweleza: tangu Pasaka nyaya zetu zimesoma milimita saba.
Akapima milimita saba kwa kisu cha siagi, ukingoni mwa meza.
"Lini?"
Nikasema modeli haina saa.
Inajua namna, haijui siku.
"Basi ni kama kasisi," akasema, akanimiminia tena.
Kisha akavaa miwani, akaiinamia ile picha ya rangi.
"Nyumba yangu iko wapi hapa?"

Haikuwemo. Nyumba haina uzito wa kuubughudhi mlima;
hatuziweki.

"Iweke."

Nikaiweka, usiku uleule.
Pembetatu tatu, zote ndogo kuliko kosa langu la kipimo.
Nikazipa ukakamavu wa msonobari,
ingawa hakuna aliyeniomba,
na kabla ya kubonyeza nikasogeza bonde zima
mita mia nne kuelekea kusini.
Halafu nikalirudisha. Huo si ufundi.

Jumamosi nilivuka daraja. Banda liko wazi, tupu,
sakafu imefagiwa.
Kondoo tisini na wawili amewapeleka kwa shemeji yake, ng'ambo ya mto.
Yeye yuko juu ya ngazi, anapaka rangi fremu ya dirisha.
"Kondoo peke yao, Sjur?"
"Wao hawakurithi kitu hapa."
Akachovya brashi.

Juu yetu kokoto likachomoka,
likadunda, likanyamaza, likadunda tena.
Tulihesabu wote wawili.
Hakuna aliyemwambia mwenzake amefika ngapi.